Majani Yaliyopewa Namba za Faili

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza masjala, na ofisi nzima ilimwita Mzee Faili. Hakuwahi kupoteza hata karatasi moja. Kwa hiyo, miaka miwili kabla ya kustaafu, alipoanza kukusanya majani yaliyoanguka uani mwa ofisi ili yaoze yawe mboji ya bustani, hakuweza kuyaacha hivi hivi. Aliyatia kwenye viroba vitano, akavitoboa vipate hewa, akavipanga nyuma ya makabati ya chuma na kuvinyunyizia maji kila Jumatano. Halafu, kwa mazoea ya mkono, akavipa namba na kuviingiza kwenye daftari la mapokezi. Pale penye "aliyeleta" akaandika: Mti.

Ijumaa ya kuaga kazi, mkewe alimsindikiza hadi mlangoni. Bustani yao ilikuwa ngumu kama sakafu. Hata magugu yalikuwa yameikimbia.

"Baba watoto, miaka miwili naishi kwa ahadi. Saa ya ukutani watakayokuzawadia waachie wenyewe. Mimi niletee mboji."

Ofisini alimkuta binti aliyemfundisha kazi, ambaye sasa ndiye aliyemrithi, amesimama mbele ya viroba na daftari mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Hebu nishikie hiki."

"Hakitoki, mzee. Kina namba."

"Namba si nilitia mimi?"

"Na kanuni uliandika wewe. Chenye namba hakitoki bila saini ya aliyekileta." Akafunua daftari. "Aliyekileta ni Mti."

Mzee Faili akachungulia dirishani. Mti ulikuwa umetulia zake, hauna hata dalili ya kutafuta kalamu. Alimwonea binti fahari, kisha akamkumbuka mkewe.

"Kanuni ya tisa!" akasema ghafla. "Nyaraka zilizooza zikawa hazisomeki?"

Binti akafikiri. "Mtunza masjala huziondoa siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi wawili."

Wakaitwa dereva na mama wa chai. Kiroba cha kwanza kikafunguliwa: mboji nyeusi, laini, inanukia udongo ulionyeshewa mvua. Dereva akaichota kiganjani, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hapa sisomi kitu."

"Hata zile barua zenu za kila siku mimi sizisomi," mama wa chai akasema. "Andika tu."

Vinne vikapita. Cha tano kilikuwa kimekaa karibu na dirisha, na jua lilikuwa limekikausha. Majani yalitoka mazima, makavu, kila mshipa mahali pake. Wote wakamtazama Mzee Faili. Neno moja tu, na kingekuwa chake. Akavaa miwani, akainua jani moja, akalikagua mbele na nyuma.

"Linasomeka," akasema kwa uchungu, akalirudisha.

Jioni mkewe alihesabu viroba.

"Si ulisema vitano?"

"Kimoja bado kiko kazini."

Mkewe akaenda kuchukua jembe.

Tangu hapo, kila Jumatano mstaafu huyo hufika ofisini na dumu la maji. Kwenye daftari la wageni, penye sababu ya kuja, huandika kwa mwandiko safi: Kunyunyizia faili.