Kamba ya Ukindu Nyuma ya Mlango

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu. Nalitaja hili mwanzoni kabisa kwa sababu nililijua tangu utoto, na siku lilipohitajika sikulikumbuka.

Ilikuwa wakati wa vita, tukiishi Temeke. Nilikuwa nimeposwa, na Bibi aliapa kwamba sitatoka nyumbani kwake bila mfarishi wa kutandika kitandani. Uso wa juu aliutengeneza kwa vipande vya kanga za marehemu mama yangu, akaviunga kimoja kimoja kwa mwaka mzima. Ndani tungejaza sufi, na chini tungetia bitana ya kitambaa cha marekani. Mchumba wangu alikuwa amechongesha kitanda kirefu kwa fundi wa Keko, basi Bibi akaenda kukipima mwenyewe kwa mkono wake, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole. Mikono mitano.

Nguo zilikuwa adimu miaka ile. Madukani ziliuzwa kwa cheti, nasi kwa ajili ya harusi tulipata cheti cha kununua marekani mara moja tu, isizidi wari saba. Nyumbani hapakuwa na kitambaa kingine ila bafta nyeupe iliyokaa sandukuni mwa Bibi pamoja na kafuri. Hiyo ilikuwa sanda yake. Aliinunua kabla ya vita, ya kutosha nguo tano kamili kama ilivyo kwa mwanamke, na kila masika yakiisha aliianika uani na kuikagua.

"Mie sitaki kuombewa nguo kwa majirani," alikuwa akisema. "Nitatoka na changu."

Asubuhi ya kwenda dukani alinipa kamba ya ukindu aliyoisokota mwenyewe, ndefu, ina mafundo.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "mwambie mwenye duka akate urefu wa kamba hii. Humu mna kitanda mara mbili, mna pindo, mna na chakula cha sufi."

"Sufi nayo inakula, Bibi?"

"Inakula kitambaa. Ukiishindilia, nguo hunyanyuka ikafupika. Bitana sharti izidi."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka minne ya shule kichwani na nilijiona nimemaliza elimu yote ya dunia. Mikono miwili ni wari moja, ndivyo tulivyofundishwa. Mikono mitano basi ni wari mbili na nusu. Marekani ni nyembamba, inataka vipande viwili ubavu kwa ubavu, kwa hiyo wari tano. Hesabu safi kabisa. Halafu dukani kutakuwa na foleni, pengine na wasichana niliosoma nao, nami nitoe kapuni kamba yenye mafundo kama mpiga ramli! Bibi alipoingia jikoni, niliitundika kamba kwenye msumari nyuma ya mlango, nikaondoka.

Mwenye duka alisoma cheti akaniuliza, "Saba?"

"Tano zatosha," nikamjibu.

Aliniuliza tena. Nikarudia kwa sauti zaidi, walio nyuma yangu wasikie. Akapima, akakata, na cheti akakichukua.

Sikuwa nimewaza kwamba mkono wa shuleni si mkono wa Bibi. Tulipoitandaza bitana mkekani na kuulaza uso juu yake, upande wa miguuni ulibaki wazi karibu mkono mzima. Niliivuta, nikaivuta tena. Bibi hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alitazama nyuma ya mlango, akaiona kamba pale msumarini. Kisha akaenda kufungua sanduku.

"Bibi, usiikate hiyo," nilimwambia, machozi yananitoka. "Tuupunguze mfarishi."

"Nimpunguze mwanangu?" alisema, kiganja chake kikiwa juu ya kanga za mama. "Vita vitakwisha, nitanunua nyingine. Shika hapa."

Nikashika, naye akakata.

Vita havikuisha upesi. Mwaka uliofuata, nikiwa kwa mume wangu Kinondoni, nililetewa habari kwamba Bibi amefariki. Niliubeba mfarishi begani hadi Temeke, kwa kuwa nilijua nitakachokikuta. Waoshaji walikuwa wameshaipima bafta na kuona haifiki. Wanawake walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana kipande cheupe, jambo lile lile alilolikataa maisha yake yote. Niliomba wembe nikifumue kile kipande chake. Mwoshaji, mama mtu mzima, aliugeuza mfarishi akaangalia upande wa chini. Nilikuwa nimeufua mara mbili, na rangi nyekundu ya kanga za mama ilikuwa imechujuka na kuingia kwenye bafta.

"Rudi nao, mwanangu," aliniambia taratibu. "Hii si sanda tena."

Alizikwa kwa nguo tatu, mojawapo ya kupewa na jirani. Shehe alisema zatosha, na najua kwamba zilitosha. Mimi ndiye sikutosheka, hadi leo. Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe nilikuwa nimekaa pale, na mfarishi mapajani.

Baada ya hitima nilifagia chumba chake. Kamba ilikuwa bado msumarini, hakuwahi kuitungua. Niliipeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, nikamwomba anipimie kwa wari yake. Hakujua ni ya nini, wala hakuuliza. Alipima akihesabu kwa sauti, akafika mwisho, akanirudishia.

"Sita na ushei," alisema.

Cheti kilikuwa cha saba.