Njia Iliyokata Ploti

Nilifika Mbita kutoka Migori kutafuta ploti ya kujenga vyumba vya kupangisha, nikiwa na tepu ya kupimia na majivuno tele. Nilishajua kukagua hati, kutafuta mawe ya mpaka na kupatana bei, nani angenidanganya? Broka alinionyesha ploti tambarare kando ya ziwa, iliyokatwa katikati na njia safi.

"Hata barabara ya wapangaji wako iko tayari," alisema.

Nikapima urefu, nikapima upana. Mama aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, pale pembeni alishindwa kujizuia, akacheka.

"Mwanangu, umeuliza hiyo njia ni ya nani?"

Akanionyesha nyayo kwenye matope, kila moja pana kama sahani. Kumbe kiboko hupita hapo kila alfajiri akitoka malishoni kurudi majini! Nilimgeukia broka kwa hasira.

"Huyo ni jirani tu," akasema bila aibu. "Hana maneno."

Ploti niliiacha, nikanunua omena ya yule mama, mkebe mzima wa gorogoro. Siku hizi nina vyumba sita vya kupangisha kisiwani Rusinga, juu kidogo kutoka ufuoni. Kabla ya kumsikiliza broka yeyote, huwaendea kwanza waanika omena. Mpaka leo, wapangaji wangu wote wana miguu miwili.