Samaki Aliyelazwa Stoo

Baba yangu ni mzee wa kanisa la Sabato, na anafuga samaki wa baharini nyumbani kwake karibu na Magwagwa, kwenye chai na migomba. Watu wakisikia mambo hayo mawili kwa pamoja hucheka. Mimi pia hucheka, ila nikishamaliza kucheka ndimi ninayebeba mifuko ya chumvi.

Mazoea hayo aliyapata Mombasa, alikofanya kazi bandarini mpaka kustaafu. Sisi watoto tulilelewa huko, ndiyo maana hadi leo mimi na yeye tunaongea Kiswahili, na Ekegusii changu ni cha kuokoteza. Wenzake waliporudi nyumbani walirudi na makochi na mabati. Yeye alirudi na tangi la kioo. Mama alimwambia amerukwa na akili, kisha akawa ndiye mlishaji mkuu. Kila asubuhi kabla ya chai aliinama pale kiooni na chakula chao, akiwasimanga kwa uvivu wao wa kuogelea siku nzima bila kuchuma hata jani moja la chai.

Mama alifariki wakati wa korona. Alilazwa kwenye wodi ya kutengwa, baba akazuiwa getini. Alizikwa mbiombio na watu waliovaa plastiki nyeupe, bila kulala nyumbani kwake usiku wa kuamkia maziko, na kwetu hakuna marehemu anayenyimwa usiku huo. Tangu siku hiyo neno kutengwa hatulitaji mbele ya baba.

Wakabaki samaki wawili aliokuwa akiwalisha mama, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mwaka huu mmoja akafa kwa uzee. Mwenzake akajibanza nyuma ya pampu, akawa hapandi juu hata akimwona baba na chakula. Baba akaanza kusema labda ni heri amwage yale maji na kuuza kioo. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayefikiria kuuza mbuzi, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Mimi nashona sare za shule mjini Kisii. Alasiri moja nilipita kwenye agroveti iliyo mtaa wa pili nikaona, katikati ya dawa za kupe na chakula cha kuku, kioo kidogo chenye samaki wa aina ile ile. Nilisimama mlangoni nikadhani macho yananichezea. Mwenye duka, mwanamume mcheshi mwenye tumbo lake mbele, alinieleza kwamba kuna mkahawa uliofunga milango, na yeye akachukua samaki pamoja na viti.

Nilipoinama vizuri, furaha yote ikaniisha. Mapezi yalikuwa yamejaa madoa meupe madogo, na matamvua yake ya kupumulia yalikuwa yakifunguka na kufungika kwa haraka mno. Nilimuuliza mwenye duka anafanyaje maji yakipungua. Alisema anajaza mengine na kutia chumvi. Nikamuuliza ni chumvi gani, naye akanionyesha, tena kwa fahari, mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Ng'ombe wote wa Suneka, alisema, wananenepa kwa chumvi hiyo.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia kwamba maji yakikauka chumvi haikauki nayo, inabaki pale pale, kwa hiyo kila alipoongeza alikuwa akimkaanga yule kiumbe polepole. Hakukasirika hata kidogo. Alisema kama najua hivyo basi nimnunue mimi, maana kwake atakufa tu. Akatupa punje chache za chakula. Samaki akapanda, akameza, akatema, akameza tena.

Laiti asingekula, ningeondoka na moyo mweupe. Asiyekula hanunuliwi, hilo baba alinifundisha nikiwa ningali shuleni. Anayekula bado ana nafasi. Lakini huyu hata akila, akitiwa tangini kwa baba na vile vijidudu vyake, yule samaki mzee wa mama angekufa kabla yake. Na nikimwacha, ningekuwa nimemwacha kwa mtu wa chumvi ya ng'ombe. Nilirudi kwenye cherehani nikaharibu kola nzima ya shati, nikaifumua huku nikimlaani kila mtu aliyewahi kuwaza kumtoa samaki baharini na kumpandisha milimani.

Jioni nilimpigia baba simu.

"Anakula?" aliuliza.

Nikamwambia anakula.

"Basi mlete."

Nikamweleza kuhusu madoa. Nikasema itabidi akae stoo kwenye beseni lake mwenyewe, atiwe dawa ya shaba ya kuua vile vijidudu, mpaka apone kabisa, ndipo ajiunge na mwenzake.

"Peke yake?"

"Tata, wewe ndiye ulinifundisha hivyo."

"Aingie kwa mwenzake, ama umwache huko," alisema. "Hapa kwangu hakuna mtu atafungiwa peke yake tena."

Hakusema samaki. Alisema mtu. Tukaagana kwa habari za mvua.

Siku mbili nilipita mtaa mwingine ili nisiione ile agroveti. Nilikuwa nimeshaamua kutomnunua, na uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri, ungemridhisha mtu yeyote mwenye akili. Siku ya tatu nilikwenda nikamnunua. Sitasema ilikuwa huruma peke yake. Ilikuwa hasira pia. Nilitaka, hata kama ni mara moja tu na hata kama ni samaki, mtu aingie kwenye kutengwa katika familia yetu kisha atoke mzima. Wazo hilo sikumwambia yeyote, kwani likisemwa kwa sauti lingechekesha.

Nilimfikisha Magwagwa kwenye ndoo yenye kifuniko, mapema kabla baba hajatoka shambani. Nikamtayarishia beseni kubwa stoo, kando ya magunia ya mahindi na ndizi zilizovundikwa, maji nikiyapunguza makali polepole mpaka chumvi ikawa sawa. Pampu ya betri niliiweka kwa sababu ya stima zetu zisizoaminika. Dawa baba alikuwa nayo kabatini tangu zamani. Alipokuja alisimama mlangoni mwa stoo na jembe mkononi, asivuke kizingiti.

"Nani atakaa naye?" aliuliza.

Nikamwambia ni samaki, hahitaji wa kukaa naye, anahitaji dawa na utulivu. Baba akaenda kunawa miguu. Kesho yake nilirudi Kisii nikiwa nimemwomba amlishe tu na kuchungulia kama pampu inafanya kazi. Alikubali kwa kutikisa kichwa, kwa namna ya mtu anayeitikia jambo asilokusudia kulifanya.

Ijumaa iliyofuata nilifunga duka mchana nikaenda kumpikia chakula cha Sabato kabla jua halijatua, kama ninavyofanya tangu mama aondoke. Sebuleni nikakuta nafasi tupu mahali pa kiti chake. Kiti kilikuwa stoo. Kilikuwa kimesogezwa mpaka kikagusana na beseni, juu yake blanketi, na kitabu cha nyimbo juu ya gunia. Jirani aliyeleta maziwa aliniambia kwamba mzee anashinda humo na kulala humo, na kwamba wamekuwa wakimsikia akiongea.

Madoa yalikuwa yamepungua, hilo niliona. Lakini samaki alikuwa amelala ubavu, na chakula kilikuwa kimetuama chini bila kuguswa. Nilibadilisha nusu ya maji. Sikuwa na la zaidi.

Asubuhi ya Sabato baba alivaa suti yake na tai. Nikashukuru moyoni. Kisha akaenda akaketi stoo. Waumini walipopita getini kumchukua, alinituma niwaambie mzee ana mgonjwa. Baba yangu hajawahi kukosa Sabato hata mvua ikibomoa daraja. Niliwaambia, nikaona wanavyotazamana, nao wanajua vyema kwamba nyumba ile haina mtu mwingine, nikarudi stoo nikiwa nimewaka.

Nikamwambia mengi. Kwamba kanisa zima litamcheka. Kwamba kukaa kwake hapo hakumsaidii samaki kwa lolote, dawa ndiyo inayofanya kazi au inashindwa. Kwamba mgongo wake si wa kulala kitini. Nilimwambia aende kanisani, na kama hataki basi aingie ndani akapumzike, mimi nitamwangalia.

Aliningoja mpaka nikamaliza. Hakuinua macho kutoka majini.

"Hata kwenye geti la hospitali waliniambia hivyo," alisema. "Mzee, nenda nyumbani upumzike, sisi tutamwangalia. Nikaenda. Nikala. Nikalala, na nililala vizuri. Tangu augue sikuwa nimelala vizuri hivyo. Niliamshwa na simu."

Miaka yote nilikuwa nimeikasirikia hospitali, geti, wale watu wa plastiki, hata serikali. Sikujua kwamba yeye hakuwa na hasira na yeyote kati yao. Nilisikia aibu kwa kelele zangu, nikakaa juu ya gunia la mahindi na nguo zangu za Sabato.

Tulikaa hivyo. Kwaya ya kanisani ilisikika kwa mbali, ikakoma, ikaanza tena. Samaki alijitahidi mara moja kupanda juu, akashindwa, akarudi chini upandeupande. Baba alikunja mkono wa koti na wa shati, akatia kiganja majini chini yake, akamtegemeza tu bila kumwinua. Nilitaka kumwambia maji yale yana dawa, nikanyamaza. Matamvua yalifunguka, yakangoja, yakafunguka. Halafu hayakufunguka.

Baba hakutoa mkono haraka. Alipoutoa aliupangusa kwa leso yake ya kanisani, taratibu, kidole kwa kidole.

"Huyu nimemwona akienda," alisema. "Mama yako sijui hata ilikuwa saa ngapi."