Niliuza Ng'ombe za Dada Yangu Nikanunua Gari Bovu

Admin nakuomba ufiche jina langu, maana ukoo wetu karibu wote uko humu na wanasomaga kila kitu. Mimi ni mwanaume wa miaka 32, nyumbani ni kijijini Butiama, nimepanga chumba Kamunyonge hapa Musoma. Sijaoa. Mtanisamehe maneno yakipishana.

Kwetu binti akiolewa, ng'ombe za mahari yake ndizo kaka yake anazoolea. Mimi nina dada mmoja tu, nitamwita Nyangeta. Aliolewa Bunda, huko Kabasa, zikaletwa ng'ombe kumi. Baba alipokuwa anaumwa aliniita akanionyesha zizini, akasema, "Hizi ni za dada yako. Oa nazo, lakini ujue siku akipata shida huko, hizi ndiyo njia yake ya kurudi nyumbani." Baba akafariki, ng'ombe zikabaki kwa mama, mimi nikawa msimamizi.

Tatizo langu ni haraka. Nilikuwaga dereva wa gari za watu, hizi ndogo za mchomoko zinazobeba abiria Musoma na Bunda. Nikajisemea, kwa nini kila siku nimtajirishe mtu? Niuze ng'ombe, ninunue gari langu, ndani ya mwaka narudisha zote na ndama juu. Nikamdanganya mama kwamba nazihamishia Suguti kwa rafiki yangu, huko majani ni mengi. Mama akanibariki! Saba nikauza mnadani, tatu ndizo nikazipeleka Suguti kweli.

Gari nililipata kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika. Jeupe, linang'aa, viti bado vina nailoni. Fundi ninayemwamini ni mtoto wa jirani yetu kule kijijini, nikaogopa nikienda naye habari itamfikia mama kabla mimi sijafika. Basi nikaenda peke yangu, nikalikagua kama ninavyokaguaga ng'ombe: nikalizunguka, nikapigapiga ubavuni, nikaangalia matairi. Kila nikifika namkuta muuzaji ameshaliwasha, linanguruma taratibu. Nikaona huyu jamaa ananiheshimu kweli. Kumbe hakutaka nilisikie likiwashwa injini ikiwa ya baridi, maana hapo ndipo ubovu unasikika. Nilikuwa mjinga jamani, mjinga kabisa.

Wiki ya tatu likanizimikia Kiabakari na abiria ndani, moshi mweupe, maji yamechanganyika na oili. Fundi alipolifungua akatikisa kichwa. "Kaka, hii silinda hedi imeshachomelewa zamani. Wamekuwekea oili nzito ili injini isipige kelele." Nikarudi yadi nikiwa nimewaka. Muuzaji hata hakusimama. "Bosi, ulikagua mwenyewe, ukaendesha, ukasaini. Gari la mtumba ni bahati yako." Akaendelea kula chipsi zake.

Nikauza ng'ombe ya nane, injini ikapona. Mwezi haujaisha gia boksi ikagoma, nikauza ya tisa. Ya kumi ilikuwa ile nyekundu ya pembe moja, ambayo Nyangeta aliikamua mwenyewe siku zote alizokuja kumuuguza baba. Hiyo iliishia kwenye rejeta na mafundi. Na gari bado halijapona, leo linatembea kesho limelala.

Sasa sikilizeni. Jumatatu ya wiki iliyopita Nyangeta alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Jino la mbele halipo. Mume wake alimpiga kwa sababu ugali ulichelewa, na siyo mara ya kwanza. Hakulia. Alikaa kwenye kitanda changu akasema, "Kaka, nimechoka. Wakwe wamesema mkirudisha ng'ombe zao naondoka na watoto wangu bila neno. Zirudishe tu. Najua ulitaka kuolea, nisamehe, nitakusaidia kutafuta zingine."

Yeye ndiye ananiomba mimi msamaha! Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Dada, vumilia kidogo, ndoa ndivyo zilivyo." Namwambia hivyo mtu aliyetoka kung'olewa jino kwa ngumi. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akasema sawa kaka.

Nikamrudisha Kabasa mwenyewe, kwa gari lile lile, siku hiyo lilikuwa linatembea. Njiani akapapasa kiti, akatabasamu na lile pengo, akaniuliza gari la nani. Nikasema la bosi. Akasema, "Mungu akujalie na wewe upate lako." Niliendesha mpaka Bunda sioni barabara vizuri kwa machozi, nikamwambia ni vumbi.

Najua mtaniambia dawati la jinsia. Nilimtajia. Akasema polisi watamshika mume sawa, lakini ng'ombe zisiporudi, wakwe watang'ang'ania watoto, na yeye bila watoto hatoki pale.

Jana amempigia mama. Mama hajui kitu, akamwambia, "Mwanangu, ng'ombe zako zipo Suguti, kaka yako anazitunza vizuri. Jumamosi twende tukazichukue." Wakanipigia wote wawili kwa pamoja. Nikamsikia dada yangu anacheka, wallahi sijamsikia akicheka tangu tumzike baba. Ameshafunga nguo za watoto kwenye mfuko na kuuficha kwa jirani. Ananiuliza tukodi lori, au tuziswage tu kwa miguu maana yeye kutembea haogopi. Nikamjibu nitaangalia.

Gari liko hapa nje ya chumba changu, limezima tena. Nimelitangaza, na anayelitaka ananipa bei ya ng'ombe mbili. Leo ni Alhamisi. Nikimwambia ukweli namfungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe, nisipomwambia atajionea kwa macho yake, na mama amesimama pembeni. Nishaurini ndugu zangu, msinitukane tu, matusi nimeshajitukana mwenyewe. Jumamosi tukifika pale Suguti, dada yangu akiniuliza ile nyekundu iko wapi, nimwonyeshe nini?