Kaburi la Hatua Kumi na Nane

Baba yangu mdogo alifundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake kabla sijawa mwalimu wa somo hilohilo. Ndiye aliyenifundisha kwamba riwaya nzuri haikosi mtu mmoja aliyesimama upande huu na jamii nzima upande wa pili. Akifika kwa mhusika wa kike aliyekataa kuozwa, au aliyedai shamba la baba yake, sauti ilimpanda na chaki ikamvunjikia mkononi.

"Huyu ni shujaa!" alituambia. "Andikeni: shujaa. Jamii inambeza kwa sababu inamwogopa."

Tuliandika. Kwenye mtihani tukaandika tena, tukafaulu.

Naanza na haya kwa sababu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao cha ukoo kilichojadili ombi langu.

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, sijaolewa, na nilikuwa nimeishi Old Moshi, nyumbani kwa baba, karibu maisha yangu yote. Nilimuuguza baba, kisha mama. Kahawa nilipogoa mimi, majani ya ng'ombe nilikata mimi. Lakini kwetu kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya wazazi, hurithiwa na mtoto wa kiume wa mwisho. Wa mwisho wetu, mdogo wangu, yuko Dar es Salaam. Hupanda huku kila Desemba na gari lake na katoni za maji ya kunywa, kana kwamba mlima umekauka. Mwaka ule alikuja pia na ramani ya ghorofa. Nyumba ya zamani, niliyokuwa nikilala, ingebomolewa baada ya Pasaka. Ghorofa ingekuwa na vyumba sita na ingefungwa kwa kufuli miezi kumi na moja ya mwaka, kama ghorofa nyingine za mtaa wetu. Mimi niliomba kona ya juu, kando ya mfereji, nijenge vyumba viwili.

Tulikaa uani siku mbili baada ya Krismasi: wanaume tisa, ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na shangazi yangu aliyeruhusiwa kwa sababu ya umri. Mimi niliitwa niandike muhtasari kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Kwa hiyo nilikuwa katibu na ajenda kwa wakati mmoja.

"Mwalimu, hatukufukuzi," alianza mzee mmoja wa ukoo ambaye pia ni mzee wa kanisa. "Lakini kesho ukiolewa, huyo mume atakuja kukaa kwenye shamba letu?"

"Nina miaka arobaini na sita, baba."

"Kwa Mungu hakuna kuchelewa."

"Na asipoolewa?" aliuliza mdogo wangu bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Asipoolewa ndiyo mbaya zaidi. Watu watauliza ile ni nyumba ya nani."

"Anunue kiwanja Mabogini," alishauri mwingine. "Kule kuna nafasi."

Shangazi aliguna. "Mabogini kuna mpunga na mbu. Mtoto wa mlimani mnampeleka majini kama chura?"

Baba mdogo alinyoosha mkono. "Tusikilizane. Jamii ina taratibu zake."

Nikaweka kalamu chini. "Baba mdogo, yule dada wa kwenye riwaya uliyotufundisha, naye si alidai shamba?"

"Yule yuko kitabuni, binti yangu," alinijibu kwa upole wa mwalimu anayerudia somo. "Kitabuni hakuna majirani."

Nikaokota kalamu, nikaandika hilo pia. Sheria ya nchi niliijua, na wao waliijua, ila hakuna aliyetaka kuitaja mbele ya mbege. Mimi nami sikuitaja. Kumpeleka mahakamani mtu aliyenifundisha kusoma riwaya kulinishinda, na nilikwisha kuanza kuhesabu moyoni vitu gani vya mama vingeenea kwenye chumba cha kupanga.

Ndipo shangazi alipouliza, akiwa ameshika kata ya mbege: "Haya. Kuishi hamtaki. Akifa mtamzika wapi?"

Kwetu mtu huzikwa nyumbani, chini ya migomba. Mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Mimi sikuwa na kwa mume, na kwa baba palikuwa ndiyo kwanza pamekataliwa. Lilibaki neno ambalo hakuna mzee wa mlimani anayelitamka bila kutikisa kichwa: makaburi ya mjini.

"Mae!" alisema mzee wa kanisa. "Mwalimu mzima alale kati ya watu asiowajua?"

"Watatucheka hadi Bomang'ombe," alisema mwingine.

Saa nzima ya kujadili vyumba viwili haikuzaa kitu, lakini kaburi lilipita kwa dakika tano. Walinipa kona ileile, kando ya mfereji. Waliinuka wote, wamejaa ukarimu, tukaenda kupima.

Baba mdogo alianza na hatua tatu kwa mbili. Shangazi akamkemea: nimefundisha nusu ya wilaya, wanafunzi wangu watasimama wapi? Zikaongezwa. Mzee wa kanisa akakumbusha kwaya. Mdogo wangu, ambaye kwake msiba ni mambo ya maegesho, akataka nafasi ya hema na ya gari kugeuza. Kila mmoja alikuwa akinionyesha jinsi anavyonipenda, nami niliwafuata nyuma na daftari. Tulipofika hatua kumi na nane kwa kumi na mbili, walitosheka. Wakapanda isale kwenye pembe nne, mmea wa majani marefu ambao kwetu ndio mpaka. Ukishapandwa na wazee haung'olewi. Anayeung'oa hukosana na walio hai na waliokufa. Baba mdogo aliomba sala nijaliwe maisha marefu. Kisha alisoma muhtasari wangu, na pale nilipoandika kwamba eneo hilo ni langu, akaongeza kwa kalamu yake "milele," akatia sahihi.

Ningependa kusema nilikuwa nimepanga yote. Hapana. Siku ile nililia jikoni. Januari nilikwenda pale kukata majani, nikajikuta natembea kutoka isale hadi isale: chumba, chumba, jiko, kibaraza. Februari mafundi walianza kuchimba.

Baba mdogo alipanda na fimbo yake siku ya pili.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mnachimba nini?"

"Msingi."

"Hapa ni kaburi lako!"

"Ndiyo, baba. Nimeamua kuhamia mapema."

Fundi aliinama ghafla kutafuta kitu ndani ya toroli. Baba mdogo alizitazama isale, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimeshika vizuri. Angeweza kuitisha kikao, lakini kikao kingelazimika kumteua mtu wa kung'oa walichopanda wote, na alijua hakuna ambaye angejitolea.

"Mlango usiuelekeze barabarani," alisema mwishowe. "Watu wataona."

Niliuelekeza barabarani. Siku hizi huja kunywa chai kibarazani kwangu, na kanisani ameeleza kwamba ukoo wetu ndio uliotangulia kumpa binti mahali pa kujenga.

Majuzi alikuja na barua mkononi. Binti wa binamu yetu, muuguzi wa miaka ishirini na minane, amemwandikia yeye kama mwenyekiti wa ukoo akiomba aonyeshwe mapema mahali atakapozikwa, ikiwezekana panapofikika kwa gari na penye maji. Kikao cha kujadili ombi lake kimeahirishwa mara mbili.

"Niambie kweli," alisema baba mdogo. "Huyu mtoto anaumwa?"

"Hapana, baba. Ana afya njema kabisa."

Aliikunja barua polepole, akairudisha mfukoni. "Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," alisema.