Hedifoni za Mpingo na Besi ya Mzee Kioko

Nakumbuka siku moja kanisani mtaa wa Mbotela, mwanangu, niliposimama mbele ya kwaya nzima na hedifoni za mpingo shingoni, nikijiona fundi kuliko mafundi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Leo nimekusikia ukisema utampa yule fundi wa mtaa wa Kware akiba yako yote akubadilishie hedifoni waya, vikombe vya masikio na rangi, nami sitanyamaza. Ukinuna, nuna, lakini utanisikiliza.

Kwaya ilikuwa inarekodi kanda ya kumuaga Mzee Kioko, dereva mstaafu aliyeimba besi, ile sauti nzito ya chini, kanisani kwetu tangu ujana wake. Alikuwa anarudi kwao Kitui, na alitaka kitu kimoja tu: sauti yake kati ya sauti za wenzake, awe akiisikiliza huko shambani. Kazi ya kurekodi nikapewa mimi.

Hedifoni zangu zilikuwa za plastiki, za mtumba, sponji zimechakaa hadi zinaniachia unga mweusi masikioni. Mwenye akili angenunua sponji mpya. Mimi nilikuwa nimeona picha ya hedifoni zenye vikombe vya mbao, nikashikwa na wazimu. Mjomba wangu alikuwa mchonga vinyago, nikamwomba anichongee vikombe vya mpingo. Aliniuliza kama twiga wake nimewahi kuwasikia wakiimba, akaendelea na kazi yake. Nikaenda kwa mwanafunzi wake, nikamlipa, akanichongea. Kisha mwenye duka mmoja wa mtaa wa Jericho akaniuzia waya unaong'aa kama dhahabu, nikabaki sina hata nauli.

Siku ya kurekodi nikavaa mzigo wangu. Mpingo ni mzito, shingo iliniuma, lakini besi ilivuma hadi nikaona imezidi. Nikaipunguza kwenye mashine. Ikavuma bado, nikaipunguza tena. Sikujua kwamba mvumo ule ulitoka kwenye mbao zangu, si kwenye koo la Mzee. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, nami methali hiyo niliikariri shuleni bila kuielewa.

Jumapili ya kumuaga, baada ya ibada, kanda ikachezwa watu wote wakisikiliza. Kina mama walisikika vizuri, vijana wa sauti ya tatu pia. Mzee Kioko aliinamisha kichwa karibu na spika, akasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, hadi wa tatu. Kisha akaniita.

"Kijana," akaniuliza polepole, "kwani siku ya kurekodi sikuja?"

Niliona haya, na hata leo ninaona. Nikamwomba anipe wiki moja turudie. Akasema basi lake ni kesho asubuhi na mizigo imeshafungwa. Akazigusa kwa kidole hedifoni zangu, zilizokuwa bado shingoni. "Ulilipa usikie mbao," akasema, "na umesikia mbao." Akaondoka na kanda ile ile, na hatukuwahi kurekodi nyingine.

Niling'oa vile vikombe siku hiyo hiyo, nikarudisha plastiki, nikanunua sponji kwa bei ya sahani ya chipsi. Tangu hapo nimerekodi kwaya nyingi za Jogoo Road, na hakuna mwimbaji mwingine aliyepotea mikononi mwangu. Juzi kijana mmoja alinicheka, "Buda, hizo ni za museum." Nikamwambia hata huko kwenye makumbusho nitaingia nimezivaa.

Basi shika hili, mwanangu. Sponji nunua, hata kesho, maana zikichakaa sauti inavuja na sikio linaumia. Waya badilisha ukikatika, si kwa sababu jirani ana wa rangi. Hayo mengine, mbao na rangi na dhahabu, mwambie fundi akuwekee kwanza wimbo unaoujua kwa moyo, usikie mwenyewe kama kuna kilichoongezeka au kilichopotea. Akikataa, geuka uende zako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wakikuita mshamba, itika, kisha uendelee na kazi yako.

Mungu akupe masikio yasiyonunulika. Na siku mtu atakapokukabidhi sauti yake, akujalie umrudishie ikiwa nzima.