Maziwa ya Ng'ombe Mwenye Baka

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hapa hapa Kishapu, niliiba maziwa, akalaumiwa dada yangu Kabula. Naandika leo kwa sababu muda ninao. Digrii yangu iko kwenye bahasha tangu nihitimu, na hakuna ofisi inayoitaka.

Kwetu mwanamke aliye kwenye siku zake hagusi maziwa. Akinywa, bibi alituambia, ng'ombe atakamuliwa damu. Kabula alikuwa na miaka kumi na sita, na siku zake hazikuwa kama za wenzake. Alijikunja kwenye ngozi pale mlangoni kama mtu aliyepigwa teke, akitapika, shule haendi siku tatu, nne. Mama alimwambia, "Vumilia, mayu, mwanangu. Wote tumepita huko." Sorry, mama, uongo mtupu. Wewe siku zako ulikuwa unalima.

Asubuhi moja niliingia jikoni, nikainamisha kibuyu cha maziwa, nikanywa mpaka nikahema. Bibi alipokuta kimepungua aliniuliza nani kagusa. Nilinyoosha tu kidole kule alikolala Kabula.

Kesho kutwa yake ng'ombe mwenye baka akatoa maziwa ya pinki. Naapa, niliyaona.

"Si nilisema?" Bibi akapaza sauti, kikombe mkononi. "Huyu ametuharibia mji! Acha tumbo limnyonge, ng'ombe anajilipiza."

"Bibi, sikunywa," Kabula alisema akiwa palepale chini.

"Bebe, wewe, nyamaza! Maziwa yanasema yenyewe."

Baba akapanda baiskeli hadi mjini Mhunze, akarudi na bwana mifugo. Akaminya chuchu, akasema ni ugonjwa wa kiwele, akachoma sindano. Wiki haikuisha, maziwa yakawa meupe. Wakati anakwenda kunawa, yule bwana aliiruka miguu ya Kabula pale mlangoni. Simlaumu, yeye ni wa ng'ombe. Lakini hakuna aliyeuliza wa watu yuko wapi. Seriously, ng'ombe alipata daktari siku ile ile. Dada yangu alisubiri miaka kumi na mitano.

Katikati hapo aliolewa Geita na mchimbaji. Akawa anauza chakula machimboni, na huko nako wakamkataza kusogelea shimo akiwa kwenye siku zake, eti dhahabu itakimbia. Zahanati wakampa vidonge vya maumivu na ushauri wa bure: "Zaa, yataisha." Hakuzaa. Mume akamrudisha na begi moja.

Mwaka jana, Mwanza, daktari mmoja mama alimpasua kwa tundu dogo, akautaja ugonjwa: endometriosisi. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye mirija, hata kwenye utumbo, na kila mwezi huvimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea. Maumivu yanaweza kupunguzwa, alisema. Kupona kabisa hakuahidi. Akamshika Kabula mkono: "Hujakosea chochote, mwanangu."

Tuliporudi nyumbani, tukipepeta choroko uani, nikamwambia habari ya kibuyu.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa na povu mpaka puani, mwizi gani wewe."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Wangekuchapa. Na mimi tumbo lingeacha kuuma?" Akacheka, akapuliza makapi. Kisha akaweka ungo chini. "Ila miaka ilivyokwenda nikaanza kukumbuka kwamba nilikunywa kweli. Hata ladha yake ninayo. Yule daktari akiniambia sijakosea namwitikia tu. Moyoni nasema, huyu hajui habari za maziwa."

Nimewakasirikia wengi kwa ajili ya Kabula: bibi, mama, zahanati, yule mume. Wao hawakujua. Mimi nilijua.

Asubuhi yake nilichemsha maziwa, nikammiminia kikombe. Alikuwa kwenye siku zake. Alikishika kwa mikono miwili mpaka yakapoa, akanirudishia.